Mwongozo kamili wa kuongoza kazi ya usawa na ujumuishi katika bewa la chuo kikuu Malindi

Barua ya uteuzi huwa fupi. Husema kwamba kuanzia tarehe fulani wewe ndiwe mwenyekiti wa kamati ya usawa na ujumuishi ya bewa, na kwamba uongozi wa chuo una imani nawe. Haisemi fedha zitatoka wapi, nani atakuandikia kumbukumbu za vikao, wala vipindi vyako vya kufundisha vitapunguzwa kwa kiasi gani. Mwongozo huu ni wa mhadhiri au afisa anayeipokea barua ya namna hiyo katika bewa la chuo kikuu cha umma mjini Malindi, ambako darasa moja linaweza kuwa na Mgiriama wa Magarini, Mbajuni wa Kizingitini, Mpokomo wa Garsen, Msanye, Mswahili wa Shela ya hapa hapa Malindi, na vijana wa bara waliopangiwa bewa hili na KUCCPS, taasisi ya serikali inayowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, bila ya kuwahi kuiona bahari.

Msimamo wangu, ambao hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake, ni kwamba kazi hii hufanyika katika mahali patatu: ratiba ya masomo, orodha ya walioitwa kwenye usaili, na bajeti. Siku ya utamaduni yenye ngoma za gonda na kirumbizi inapendeza, wageni hupiga picha na kila mtu huenda nyumbani ameshiba, lakini ratiba ya Jumatatu inayofuata hubaki vile vile ilivyokuwa.

Hatua ya kwanza: mamlaka yaandikwe kabla ya kukubali

Kabla ya kutia sahihi, omba barua ya pili inayoeleza mambo matano. Iseme kwamba unaripoti moja kwa moja kwa Naibu Chansela na kwamba ripoti yako ya mwaka itafika kwenye baraza la chuo bila ya kuchujwa na afisi ya uhusiano mwema. Iseme kwamba kamati ina fungu lake katika bajeti, hata likiwa dogo, kwa kuwa kamati isiyo na fungu hulazimika kuomba nauli ya mkalimani kwa mkuu wa idara ambaye pengine ndiye aliyelalamikiwa. Ikupe kiti katika majopo ya usaili pamoja na haki ya kuandika maoni tofauti yatakayohifadhiwa kwenye faili. Ikuruhusu kuziona takwimu za uandikishaji, ajira, nidhamu na matokeo ya mitihani. Na ipunguze mzigo wako wa kufundisha kwa idadi ya vipindi inayotajwa.

Hili la mwisho watu hulionea haya kulidai. Vyuo vingi humpa kazi hii mwanamke, au mtu wa jamii ndogo, au mtu mwenye ulemavu, kwa hoja kwamba ndiye anayeyaelewa mambo, kisha wakati wa kupandisha vyeo humuuliza kwa nini ameandika makala machache kuliko wenzake. Kazi isiyohesabiwa katika tathmini ya utendaji humfukarisha kitaaluma anayeifanya, na haifai kuipokea kwa hali hiyo.

Kamati yenyewe iwe ndogo, watu saba au tisa, na angalau wawili wawe wafanyakazi wasio wahadhiri. Mlinzi wa lango na mpishi wa mkahawa wanajua mengi kuhusu nani anabaguliwa ambayo seneti ya chuo haitayasikia.

Hatua ya pili: ijue sheria kwa kiwango cha kuinukuu kikaoni

Huhitaji kuwa wakili, ila uwe na vifungu vichache kichwani. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwemo kabila, jinsia, ulemavu, dini, uja uzito, hali ya ndoa, mavazi na lugha. Hayo mawili ya mwisho husahaulika mno. Kifungu hicho hicho kinataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, na Kifungu cha 54 kinataka asilimia 5 ya wajumbe wa vyombo hivyo wawe watu wenye ulemavu, kwa utekelezaji wa hatua kwa hatua. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, katika kifungu cha 7, inasema hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa akina mama kunyonyesha. Karatasi moja yenye vifungu hivi, iliyokunjwa ndani ya shajara yako, itafupisha mabishano mengi.

Hatua ya tatu: hesabu kwanza, na uhesabu kwa daraja

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu huteleza. Tuseme bewa lina waajiriwa 120. Theluthi moja ni 40, na jamii yenye watu wengi zaidi ina 38; kwa jumla chuo kimeitii sheria, na barua ya kujipongeza iko tayari kuandikwa. Sasa ligawe jedwali hilo kwa daraja la kazi. Unakuta kwamba kati ya wahadhiri waandamizi na wakuu wa idara 14, jamii hiyo moja ina 11, ilhali wenyeji wa Kilifi walio 36 wanafanya kazi ya usafi, ulinzi na jikoni, isipokuwa watatu. Jumla ni halali, na bado kila mwanafunzi wa Malindi anayepita ukumbini anaona nani anashika kalamu na nani anashika ufagio. Kwa hiyo usikubali kamwe jedwali lisilogawanywa kwa daraja, idara na aina ya mkataba, kwa kuwa vibarua na wahadhiri wa muda mara nyingi huachwa nje ya hesabu kabisa.

Pwani ina ugumu wake wa kuhesabu. Wamijikenda wakihesabiwa kuwa jamii moja, bewa lililoajiri wenyeji wengi katika kazi za chini linaweza kuvuka theluthi na kuonekana limekosea. Wakihesabiwa Wagiriama, Wachonyi, Wakauma na wengineo kila mmoja mbali, tatizo hutoweka kwenye karatasi. Mtu wa Faza anaweza kujiandika Mbajuni mwaka huu na Mswahili mwaka ujao, na yote mawili ni haki yake. Pendekezo langu ni kwamba kila mtu ajitaje mwenyewe, kamati ichague njia moja ya kujumlisha, iiandike wazi kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, na isiibadilishe kwa kufuata matokeo inayoyataka.

Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za kabila, afya na imani kuwa data nyeti. Fomu ieleze kwa Kiswahili na Kiingereza kwa nini taarifa zinakusanywa, nani ataziona na zitafutwa lini, na iwe na kisanduku cha kukataa kujibu ambacho hakimletei mtu adhabu yoyote. Majina yatenganishwe na majibu. Usichapishe kundi lenye watu chini ya watano: katika bewa dogo, ukiandika kwamba idara fulani ina mwanamke mmoja mwenye ulemavu wa kusikia, umemtaja jina.

Kwa wanafunzi, hesabu mambo matatu: walioingia, waliofika mwaka wa pili, na waliohitimu. Wasimamizi hupenda kuonyesha walioingia. Pengo kati ya mstari wa kwanza na wa pili, likigawanywa kwa wadi na kwa jinsia, ndilo litakalokueleza uanzie wapi.

Hatua ya nne: irekebishe ratiba

Chukua mfano wa siku ya kuripoti. Kijana wa Kizingitini huondoka kwao kwa boti na kupita Mkanda, ule mlangobahari mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambao vyombo vinangojea maji yajae ndipo vipite. Wakati wa upepo wa kusi bahari huchafuka na safari huahirishwa. Akifika gatini Mokowe, upande wa bara, amechelewa, hulala hapo, kisha hupanda basi linalopitia Hindi, Witu na Garsen, na barabara ikifungwa kwa mvua au kwa usalama hungoja tena. Anapofika Malindi, dirisha la usajili limefungwa na kuna faini ya kuchelewa. Mwenzake wa Watamu amefika kwa matatu asubuhi ile ile. Kanuni ni moja kwa wote wawili, na imemwadhibu mmoja kwa kuzaliwa kisiwani.

Suluhisho ni jepesi: seneti ipitishe kipindi cha neema cha siku saba, bila faini, kwa wanafunzi wa wadi zilizoorodheshwa za Lamu Mashariki, Tana Delta na sehemu za ndani za Magarini. Usikubali pendekezo la kuwataka walete barua ya chifu. Barua hiyo ni safari nyingine na gharama nyingine, ilhali afisi ya uandikishaji tayari inayo anwani ya kila mwanafunzi.

Ramadhani inahitaji mpango wa miaka kadhaa, kwa kuwa hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na kwa miaka hii inaangukia muhula wa Januari hadi Aprili. Jua huchwa hapa kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Kipindi cha jioni kinachoanza saa kumi na moja na nusu na kwisha saa mbili na nusu humnyima mwanafunzi aliyefunga futari na sala ya tarawehe kwa pamoja. Kisogezwe kianze saa tisa au saa kumi, au kihamishiwe siku nyingine. Ikishindikana, kiwe na mapumziko ya nusu saa wakati wa magharibi, na tende na maji ziruhusiwe ukumbini. Mitihani migumu ipangwe asubuhi. Idi hutegemea kuandama kwa mwezi, hivyo acha siku mbili tupu katika ratiba ya mitihani badala ya moja, usije ukatangaza mabadiliko usiku kwa ujumbe wa simu.

Upande wa pili wa jambo hili nao usisahaulike. Mkahawa wa chuo usifungwe mchana wa Ramadhani kwa kisingizio cha heshima, kwa sababu bewa lina Wakristo, lina wafuasi wa dini za jadi, lina wagonjwa na lina akina mama wanaonyonyesha. Upunguze meza za nje, uendelee kupika. Nimeona watu wenye nia njema kabisa wakigeuza ujumuishi wa kundi moja kuwa adhabu ya kundi jingine, na lawama humrudia mwenyekiti.

Ijumaa, usiweke mtihani wala kikao cha lazima kati ya saa sita na nusu na saa nane. Jumamosi, Waadventista wana Sabato, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi uliozitaka shule za umma ziwape wanafunzi hao nafasi ya kuiadhimisha. Chuo kikuu hakina sababu ya kuwa nyuma ya shule ya upili katika hili. Anayegongana na mtihani kwa ajili ya ibada apewe mtihani maalumu, unaorekodiwa kuwa ndio wake wa kwanza na wala sio wa marudio, kwa kuwa alama za marudio katika vyuo vingi huwekewa kikomo.

Jambo dogo la chumba cha mtihani: mwanafunzi aliyevaa nikabu atambuliwe na msimamizi wa kike, katika chumba cha pembeni, kabla ya karatasi kugawiwa. Utaratibu huu ubandikwe ukutani pamoja na kanuni nyingine za mtihani, ili binti asiambiwe mbele ya watu mia mbili avue uso.

Hatua ya tano: keti kwenye ajira mapema

Ukialikwa siku ya usaili umechelewa, kwa sababu mshindi mara nyingi hutengenezwa na tangazo lenyewe. Omba kulisoma tangazo kabla halijachapishwa na uulize kila sharti lina kazi gani. Tangazo la msaidizi wa maktaba linalodai uzoefu wa miaka mitano katika chuo kikuu huwafungia nje vijana wote wa eneo ambalo halikuwa na chuo kikuu. Tangazo liende magazetini na kwenye tovuti kama sheria inavyotaka, na pia lisomwe katika redio za hapa Pwani, libandikwe kwa machifu, na lipelekwe kwa vikundi vya watu wenye ulemavu.

Alama za usaili zipangwe kabla ya majina kufunguliwa, na kila mjumbe aandike zake peke yake kabla ya mazungumzo. Neno la kuliogopa ni "hatafaa kwetu". Anayelisema aombwe aeleze ni kigezo gani kilichoandikwa ambacho mwombaji amekikosa. Akikosa jibu, neno hilo lifutwe na kumbukumbu zionyeshe kwamba limefutwa.

Hoja ya wenyeji na wabara itazuka, nayo ikabiliwe bila ya kuzungukazunguka. Anayesema kazi zote za bewa la Malindi ni za wenyeji anaivunja sheria ile ile inayomlinda yeye akiomba kazi Nyeri au Kisumu. Anayesema wenyeji hawakusoma, ilhali chuo kinahitimisha vijana wao kila mwaka na hakiajiri hata mmoja kuwa mhadhiri msaidizi, anajishitaki mwenyewe. Njia iliyo wazi ni mpango wa kuwasomesha: kila kitivo kichague wahitimu bora wa bewa kutoka jamii zilizo nyuma, kiwalipie shahada ya uzamili, na kiwafunge kwa mkataba wa kurudi kufundisha. Matunda yake huonekana baada ya miaka, na ndiyo sababu ni lazima uanze mwaka wako wa kwanza.

Zabuni zipite katika mlango huo huo. Tangu 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya manunuzi yake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kandarasi ya chakula cha mkahawa ni mahali pazuri pa kuanzia.

Hatua ya sita: majengo, na aliye ndani ya majengo

Tembea bewani pamoja na mtu anayetumia kiti cha magurudumu, kuanzia langoni hadi maktaba, maabara, msala na afisi ya fedha. Mchanga wetu ndio adui wa kwanza: magurudumu huzama, na kijia cha zege cha upana wa mita moja na nusu kina faida kuliko lifti ambayo haitanunuliwa. Mteremko wa kupandia mlangoni upimwe kwa uwiano wa 1 kwa 12. Sakafu iliyo sentimita 60 juu ya ardhi inahitaji mteremko wa mita 7 na sentimita 20, pamoja na pahali pa kushika pande zote mbili. Mteremko wa mita mbili uliojengwa haraka kwa ajili ya ziara ya wakaguzi humwangusha mtu kinyumenyume. Pale ambapo jengo haliwezi kubadilishwa upesi, hamisha darasa lishuke chini. Hilo halina gharama, lahitaji tu msajili mwenye nia.

Kwa mwanafunzi kiziwi, mhadhara wa saa tatu unahitaji wakalimani wawili wa Lugha ya Alama ya Kenya wanaopokezana kila baada ya dakika 20 au 30, kwa kuwa mkono na akili huchoka na tafsiri huharibika. Asiyeona apewe maandishi ya kidijitali ambayo programu ya kusoma skrini inaweza kuyasoma. Kurasa zilizopigwa picha hazimfai. Muda wa ziada wa mtihani uombwe mara moja mwanzoni mwa masomo na udumu hadi kuhitimu. Kumfanya mtu athibitishe kila muhula kwamba bado haoni ni udhalilishaji.

Hatua ya saba: malalamiko na muhali

Sisi wa Pwani tuna muhali, yaani haya ya kumkatalia au kumshitaki mtu tunayejuana naye. Binti anayeombwa "mazungumzo ya faragha" na mhadhiri ili apate alama zake hatakwenda kwenye afisi yenye kibao cha malalamiko kilicho mkabala na chumba cha wahadhiri. Ataona haya, atamwonea haya hata mkewe mhadhiri anayemwita shangazi mtaani, na huenda akaacha masomo. Kwa hiyo weka njia tatu zisizopitia mahali pamoja: mshauri wa kike nje ya idara, namba ya simu inayopokelewa na mtu asiye mwajiriwa wa bewa, na sanduku linalofunguliwa na watu wawili kwa pamoja.

Anayepokea lalamiko asiwe ndiye mchunguzi, na mchunguzi asiwe ndiye mwamuzi. Mlalamikaji apewe jibu la maandishi ndani ya siku 14, hata kama jibu ni kwamba uchunguzi unaendelea. Karatasi zake za mtihani zisahihishwe na mtu mwingine mara moja, kabla ya uamuzi wowote, ili asiadhibiwe kwa alama. Suluhu ya wazee, ambayo ina mahali pake katika ugomvi wa bwenini au wa ardhi, isitumike hapa: Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamtaja waziwazi mtu anayetumia cheo au dhamana aliyopewa katika taasisi ya masomo, na kosa la jinai halimalizwi kwa kikombe cha kahawa na mkono wa radhi. Anayelalamikiwa naye ana haki ya kusikilizwa na kuiona hoja dhidi yake. Ukiliruka hilo, mahakama itafuta kila ulichofanya.

Kejeli za lafudhi, majina ya kuwaita watu wa jamii fulani na mizaha ya darasani kuhusu "uvivu wa wapwani" au "ujanja wa wabara" zinaweza kuanzia kwenye onyo la mdomo. Ziandikwe hata hivyo, kwa sababu mhadhiri mwenye maonyo manne kutoka madarasa manne si mtu wa mizaha tena.

Hatua ya nane: vitambulisho na karo

Mwanafunzi asiye na kitambulisho cha taifa hukwama kwenye mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Wapemba waliozaliwa katika kaunti hii walitambuliwa na serikali mwaka 2023, na wapo vijana wa jamii zilizozoea kuwekewa maswali ya ziada wanapoomba karatasi hizo. Teua afisa mmoja wa kufuatilia faili zao na afisi ya usajili wa watu, na uombe idara ya fedha isimfukuze darasani mwanafunzi ambaye ombi lake lina namba ya kupokelewa.

Hatua ya tisa: ripoti na makabidhiano

Ripoti ya mwaka iwe na kurasa zisizozidi kumi: jedwali la ajira kwa daraja, jedwali la wanafunzi waliobaki, idadi ya malalamiko na muda uliochukuliwa kuyajibu, fedha zilizotengwa na zilizotumika, na orodha ya yale yaliyoahidiwa mwaka uliopita ambayo hayakufanyika, kila moja na jina la afisi inayohusika. Isomwe mbele ya baraza, kisha muhtasari wake wa Kiswahili ubandikwe kwenye mbao za matangazo na uwafikie wazee wa kaya za Wamijikenda, maimamu, makanisa na vikundi vya wavuvi ambao watoto wao wanasoma hapo.

Usikae katika kiti hiki zaidi ya miaka mitatu au minne. Miezi sita kabla ya kuondoka, mwombe Naibu Chansela amteue naibu atakayehudhuria vikao vyote, na umkabidhi mbele ya msajili faili lenye barua ya mamlaka, fomu ya data, orodha ya wadi za kipindi cha neema na kalenda ya Ramadhani ya miaka mitano ijayo. Malalamiko ambayo hayajamalizika yakabidhiwe mbali, kwa bahasha zilizofungwa, na kila mlalamikaji aulizwe kwanza kama anakubali faili lake lisomwe na mtu mpya.